Mama Stuli na Ukuta Usiomalizika

Jina la Mama Stuli alipewa kazini, na aliyempa hakumtakia mema.

Ilikuwa katika chumba cha pasi cha kiwanda cha udobi kilichofua mashuka ya hoteli na hospitali za mji mzima. Shuka likitoka kukamuliwa, wanawake wawili hulishika ncha zake, wakalinyoosha, wakalilisha kati ya roli mbili za moto, likatokea upande wa pili limenyooka kama karatasi. Kazi hiyo hufanywa kwa kusimama, tangu asubuhi hadi saa kumi alasiri. Wote walisimama. Yeye peke yake alikuwa na stuli, ya mbao, ya miguu mitatu, aliyoileta mwenyewe kutoka nyumbani. Kila baada ya mashuka thelathini hivi aliivuta kwa mguu, akakaa, akafumba macho, akahema. Mwenzake wa ncha ya pili, mwanamke mwenye mikono mirefu aliyeitwa Mrefu, hubaki na shuka mkononi akitazama dari kama mtu anayesubiri mvua ikatike.

"Mama Stuli kafika kituoni," Mrefu husema, na chumba kizima kikacheka.

Mama Stuli alikuwa na miaka thelathini na minane, mwembamba, mama wa mabinti wawili. Tatizo ni kwamba ugonjwa wake haukuwa na sura. Haukuwa na homa, haukuwa na jeraha, haukuwa na siku ulipoanza. Akipanda ngazi na furushi la nguo, akifika juu lazima ashike ukuta. Mara nyingine moyo ulimwenda mbio bila sababu, ukadunda ovyo, kisha ukatulia wenyewe. Kila baridi ikiingia kifua kilimbana wiki tatu. Shuleni alikuwa wa mwisho kwenye mbio, na mwalimu wa michezo akamzungusha uwanja mara ya pili kwa kosa la uzembe, mpaka akaanguka. Alipozinduka aliambiwa aache maigizo.

Zahanati alikwenda. Alikwenda mara tano. Daktari wa kwanza alimwambia ana upungufu wa damu, akampa vidonge. Wa pili alisema ni pumu. Wa tatu alimuuliza kama nyumbani kuna ugomvi, naye alipojibu kwamba upo, na wa kutosha, akaandika wasiwasi. Wa nne alikuta ana mimba akasema ni mimba. Wa tano alimkuta ameshajifungua, akasema ni uzazi. Hakuna aliyeweka sikio kifuani pake kwa muda wa kutosha kusikia chochote.

Mtu akiitwa mvivu miaka thelathini, ama ataamini ama atagombana. Yeye alifanya yote mawili. Moyoni aliamini kwamba kuna kitu wenzake wanacho ambacho yeye hakujaliwa, bidii labda, au aibu. Mdomoni hakumpa mtu nafasi. Ulimi wake ulikuwa mkali hata wauza mboga walimpimia haraka aondoke. Alimwambia Mrefu kwamba mikono yake imerefuka kwa kuzoea kuwanyooshea watu vidole. Alimwambia msimamizi wa chumba, mtu wa saa ya mkononi ambaye wote walimwita Nyapara, kwamba angeitazama saa hiyo kwa bidii hivyo nyumbani kwake, mkewe asingekimbia. Kwa neno hilo alipata barua ya onyo. Barua ya pili aliipata kwa kuonekana ameketi mara sita katika zamu moja. Ya tatu ingekuwa ya kufukuzwa, na Nyapara alimweleza hivyo akitabasamu.

Nyumbani hakukuwa na nafuu, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa amekuja kwa mwezi mmoja ili aangaliwe, na huo ulikuwa mwaka wake wa nane. Alikuja na sanduku moja na ugonjwa mmoja, nao ni moyo. Moyo wa mama mkwe ulitawala nyumba ile. Redio ikiwa juu, moyo. Chai ikichelewa, moyo. Mazungumzo yakianza kumwendea vibaya, huweka kiganja kifuani, akafumba jicho moja, akasema waendelee tu, wasimjali, yeye ni wa leo au kesho. Jicho la pili lilibaki wazi kuona kama ujumbe umefika.

"Mimi na moyo huu mbovu nimelea watoto sita," aliwaambia wageni, mkamwana wake akiwa pale pale akimimina chai. "Huyu ana wawili na moyo mzima, na akifagia chumba kimoja anatafuta pa kulala. Na hata kazini wanamwita Mama Stuli."

Jina hilo alilipata kwa Mrefu, waliyekutana naye sokoni wakapatana mara moja. Mama mkwe alikuwa pia na tabia ya kufagia upya sehemu iliyokwisha kufagiwa, polepole, akiguna kila akiinama, mpaka mwanawe atoke chumbani aone nani anafanya kazi katika nyumba hii. Mkamwana alimpokonya fagio mara moja, wakavutana, fagio likakatika, na kila mmoja akabaki na kipande chake.

Mume alikuwa fundi wa majokofu, mpole, mwenye mikono inayojua kila kitu na mdomo usiojua lolote. Akiwaona mama yake na mkewe wamekaribiana, hukumbuka jokofu fulani mahali fulani lililoharibika, akabeba mfuko wake wa spana.

Sasa siku moja mama mkwe alianguka msalani. Aliteleza, lakini kwa maelezo yake ulikuwa moyo, na safari hii mwanawe aliogopa kweli. Akamtafutia nafasi kwenye kliniki ya moyo ya hospitali kubwa. Siku yenyewe yeye alikuwa na chumba cha barafu cha machinjio kilichozimika na nyama ndani, hivyo mama alisindikizwa na mkamwana. Mama Stuli aliomba ruhusa kwa Nyapara. Nyapara alimpa siku moja, akasema ataiandika.

Kliniki ilikuwa juu ya mlima wa zege: njia ndefu ya mteremko iliyojengwa kwa ajili ya viti vya magurudumu, yenye kona tatu. Mama mkwe alipoona kiti cha magurudumu langoni, alikaa bila kuambiwa. Hakuwa mwanamke mwepesi.

"Sukuma sawasawa," alisema kwenye kona ya kwanza. "Unanitikisa."

Kwenye kona ya pili Mama Stuli alisimama, akaegemea mpini wa kiti. Mama mkwe aligeuka akamtazama, kisha akamwambia mzee mmoja aliyekuwa akipita kwamba hivi ndivyo anavyoishi, na wakwe wengine wana bahati. Kwenye kona ya tatu Mama Stuli hakuwa na pumzi ya kumjibu, na hilo halikuwa jambo la kawaida.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyekatizwa kila siku. Alimlaza mama mkwe kitandani, akampaka mafuta baridi kifuani, akapitisha kile kidude cha mashine ya ultrasaundi huku na huku, akitazama kioo. Alitazama muda mrefu. Mama mkwe alikuwa amefumba macho yote mawili, tayari kwa lolote.

"Bibi, moyo wako hauna kitu," daktari alisema akimpa tishu ajifute.

"Hauna kitu vipi?"

"Ni mzima. Watu wenye nusu ya umri wako wangeutamani. Presha iko juu kidogo, nitakuandikia dawa. Ulianguka kwa sababu sakafu ilikuwa na maji."

Mama mkwe alikaa kitandani akiwa ameshika tishu. Mtu angedhani ameambiwa habari ya msiba. Akauliza kama mashine hiyo ni ya kisasa. Daktari alikuwa amekwisha kugeuka, anamtazama aliyesimama mlangoni. Robo saa ilikuwa imepita tangu wafike, na Mama Stuli alikuwa bado ameegemea fremu ya mlango, midomo wazi, mshipa wa shingo ukipiga hata nguo ya kola ikicheza.

"Na wewe una nini?"

"Sina kitu," alisema Mama Stuli.

"Huyo ni mvivu tu, daktari," alisema mama mkwe. "Usihangaike naye."

Daktari alisogea akaweka stetoskopu kifuani pa Mama Stuli, upande wa kushoto wa mfupa wa kati, juu kidogo. Mama mkwe akaanza kueleza jambo. Daktari aliinua kidole kimoja bila kugeuka, na mama mkwe akanyamaza, pengine kwa mara ya kwanza katika miaka minane. Kisha daktari akamwambia ashuke kitandani ampishe mwenzake.

Mama Stuli alilala mahali palipokuwa bado na joto la mama mkwe wake. Kioo alikiona kwa pembeni, kijivu, kikipapatika. Baada ya dakika chache daktari alibonyeza kitufe, na katikati ya kijivu kile rangi nyekundu ikamiminika kutoka upande mmoja kwenda wa pili, kila pigo, kama maji yanayopita chini ya mlango. Hakuelewa alichokiona, lakini alimwona daktari akiacha kupumua kwa kitambo.

Alipovaa, daktari alichukua karatasi, akageuza upande usioandikwa, akachora sanduku, akaligawa vyumba vinne.

"Huu ni moyo. Vyumba viwili vya juu vinapokea damu, viwili vya chini vinasukuma. Upande wa kulia unachukua damu iliyotoka mwilini, unaipeleka kwenye mapafu ikapate hewa. Upande wa kushoto unachukua ile iliyokwisha kupata hewa, unaipeleka mwilini. Kati ya kulia na kushoto kuna ukuta. Wako, hapa kati ya vyumba vya juu, una tundu."

"Nani kalitoboa?"

"Hakuna. Umezaliwa nalo. Mtoto tumboni hatumii mapafu yake, kwa hiyo kila mtoto huwa na upenyo mahali hapo, damu ipite kwa mkato. Akizaliwa, kile kifuniko chake hujifunga. Kwako si suala la kifuniko. Ni kipande cha ukuta wenyewe ambacho hakikujengwa. Milimita ishirini na mbili." Akamwonyesha kwa vidole viwili. Ilikuwa karibu upana wa kifungo cha koti.

Mama Stuli alitazama vidole vile. "Na mtu anaishije na tundu hilo?"

"Kama ulivyoishi. Upande wa kushoto una nguvu zaidi, kwa hiyo damu inavuja kuja kulia. Yaani damu iliyotoka kwenye mapafu sasa hivi, badala ya kwenda mwilini, inarudishwa kwenye mapafu tena. Kwa kipimo chako, kila vikombe viwili vinavyokwenda mapafuni, kimoja kilikuwa kimetoka huko huko. Mapafu yanafurika, ndiyo maana kifua kinakubana. Upande wa kulia wa moyo umetanuka kwa kubeba mzigo usiokuwa wake. Moyo wako umefanya kazi ya zamu mbili kila siku tangu ulipozaliwa."

Mtu angetegemea alie, au ashukuru. Mama Stuli alihisi hasira ikimpanda kutoka miguuni. Alimfikiria mwalimu wa michezo. Aliwafikiria watu wote waliomcheka, mmoja mmoja, kwa sura zao.

"Kwa nini umekaa miaka yote hii bila kuja?" daktari aliuliza, na aliuliza kwa ukali, kama watu wa kazi yake wanavyouliza.

"Nimekuja," alisema Mama Stuli. "Nimekuja mara tano. Nimevua nguo mbele ya watu watano waliovaa koti kama hilo lako. Wamenipa vidonge vya damu, wamenipa dawa ya kuvuta, mmoja kaniambia nipatane na mume wangu. Usiniulize mimi. Waulize wenzako."

Daktari alitazama mchoro wake.

"Daktari," alisema mama mkwe kutoka kwenye kiti cha magurudumu, "mgonjwa aliyeletwa ni mimi."

Tundu lilikuwa la kuzibika, na kwa bahati lilikuwa mahali pazuri, lina kingo pande zote. Daktari alieleza kwamba siku hizi si lazima kupasua kifua. Wangeingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, wakaupandisha hadi moyoni, na kwa mrija huo wakapitisha kifaa cha nyuzi za chuma kinachofunguka kama visahani viwili, kimoja kila upande wa ukuta, vikabana tundu katikati. Lakini asingojee miaka mingine. Presha ya mapafu ilikuwa imeanza kupanda, na ikipanda kupita kiasi mishipa ya mapafu huharibika, damu ikageuza njia, na hapo kuziba tundu hakusaidii tena, kunaua. Nafasi iliyopatikana ilikuwa ya wiki saba mbele. Bima ya kiwanda ingegharamia, mradi tu awe bado mfanyakazi wa kiwanda.

Mama mkwe njia nzima ya kurudi alikuwa anapanga. Mwanawe alipofika jioni, alimkuta ameketi sebuleni amejifunga mtandio kama mtu aliye kwenye kikao.

Habari aliyoitoa ilikuwa hii: kwamba mwanawe ameozwa mtu mbovu. Kwamba wazazi wa mwanamke huyu walijua, maana mzazi gani hajui, na wakakaa kimya wapokee mahari. Kwamba sasa tundu hilo limeingia katika ukoo, wajukuu zake wawili huenda wanalo, na katika upande wake yeye hakujawahi kuwa na moyo mbovu hata mmoja. Aliisema hiyo ya mwisho bila kupepesa.

"Kutwa nzima mama kapoteza moyo wake, sasa anautafuta kwangu," alisema Mama Stuli.

Mume aliangalia mfuko wake wa spana. Mkewe aliuona mtazamo huo, akaenda akauchukua, akauweka chini ya miguu yake mwenyewe.

"Leo hakuna jokofu lililoharibika," alimwambia. "Kaa."

Akakaa. Mkewe akamweleza kila kitu, pamoja na vikombe viwili na ukuta usiomalizika, akimwonyesha karatasi ya daktari. Alieleza kwa ubaya, kama mtu anayesoma mashtaka. Akamwambia kwamba mama yake alimwita mvivu kwa sababu ni adui, na adui anajulikana. Lakini yeye, mumewe, alilala naye kitanda kimoja miaka kumi na minne, akasikia moyo ule ukidunda ovyo mgongoni kwake, na hakuuliza.

Mume aliigeuza ile karatasi mikononi. "Nilijua unachoka," alisema mwishowe. "Nilidhani unanichoka mimi."

Mama mkwe akaweka kiganja kifuani. Mwanawe akamtazama. "Mama," alimwambia kwa upole, "umepimwa leo."

Jumamosi ile mume alimpeleka mama yake kwa mdogo wake, upande wa pili wa mji. Hakumfukuza, alisema ni mpaka matibabu yaishe. Lakini sanduku alilibeba mwenyewe. Mama mkwe aliondoka akiwa ameshika mkono wa mjukuu mkubwa, akimwambia kwa sauti ya kusikika na wote kwamba mama yake akifa wasije kumlaumu bibi.

Kazini mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu ilimlazimu kunyamaza. Aliweka barua ya daktari mezani kwa Nyapara. Nyapara aliisoma mara mbili, akaikunja, akamrudishia.

"Mtu mwenye tundu kwenye moyo hawezi kusimama hapa akanitazama hivyo," alisema. "Angekuwa amekwisha kufa. Rudi kazini. Na hiyo stuli naitoa. Ukikaa tena, barua ya tatu ipo tayari, bado tarehe tu."

Ulimi ulimpanda Mama Stuli hadi menoni, akaurudisha. Kwa wiki saba alimeza kila kitu. Alisimama. Alijifunza kuegemea ukingo wa mashine ilipopoa, kwenda msalani kila nafasi ilipopatikana akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kuhesabu pumzi wakati shuka likipita. Mrefu aligundua ukimya wake na akaufurahia. Alivuta mashuka haraka zaidi kwa makusudi, na kila Mama Stuli alipokosa ncha, alimwita Nyapara. Mara moja miguu ilimwisha nguvu Mama Stuli, akashuka chini polepole na shuka mkononi. Nyapara alikuja, akasimama juu yake na saa yake. Mama Stuli akainuka kabla ya dakika kuisha. Baadaye alimwambia mumewe kwamba siku ile ndipo alipojua ana nguvu kuliko watu wote aliowahi kukutana nao, na kwamba kujua huko hakukumfurahisha hata kidogo.

Alizibwa tundu siku ya Jumanne asubuhi. Alilazwa usingizi, na alipoamka palikuwa na bandeji pajani, koo limekauka, na kifuani hapakuwa na alama yoyote. Daktari alikuja akamwonyesha picha: vile visahani viwili vimebana ukuta, na rangi nyekundu haipiti tena. Akaelezwa kwamba katika miezi sita nyama ya moyo itakua juu ya kifaa hicho na kukifunika, na kwa muda huo ameze dawa ya kuzuia damu isigande, asibebe mizigo mizito majuma ya mwanzo, na akienda kung'oa jino aseme kwanza kwamba ana kifaa moyoni. Mabinti nao walipimwa, kwa kuwa aliyezaliwa na mama wa namna hiyo ana uwezekano uliozidi kidogo wa kuzaliwa na kasoro. Wote wawili walikuwa wazima. Mama Stuli alimwomba daktari aandike hivyo kwenye karatasi, apige na muhuri, kisha akampa mumewe ampelekee mama yake.

Nguvu haikuja siku moja. Ilikuja kwa vipande, na kila kipande kilimchukiza kwa kuchelewa kwake. Mwezi wa pili alipanda ngazi akazungumza wakati huo huo. Mwezi wa tatu, likizo ya ugonjwa ilipoisha, alirudi kiwandani. Alilisha mashuka thelathini, akalisha sitini, akalisha hadi kengele ya chakula, na Mrefu ndiye aliyeomba wapumzike.

Alikuwa amelisubiri neno moja kutoka kwa watu wale. Hakutaka sherehe, wala hakutaka wamwombe msamaha. Alitaka mtu mmoja aseme kumbe.

Mrefu alilisema. "Kumbe ulikuwa unaweza," alisema akifuta jasho, kwa sauti ya chumba kizima. "Miaka yote hiyo ulikuwa unatufanya wajinga."

Watu wakaitikia. Ndivyo walivyolielewa jambo lile: aliyekuwa akikaa sasa anasimama, basi hapo awali alikuwa anajifanya. Barua ya daktari, siku za hospitali, dawa alizomeza mbele yao, vyote havikufika popote. Nyapara alisema maonyo mawili yatabaki kwenye faili lake, kwa kuwa leo ameonyesha kwamba alionywa kwa haki.

Mama Stuli aliizima mashine. Mtu wa ngazi yake hakuwa na ruhusa ya kuizima. Akavua aproni, akaikunja pande nne kwa utaratibu kama walivyofundishwa kukunja foronya, akaiweka juu ya roli iliyokuwa bado na moto.

"Mmenicheka miaka kumi na mmoja kwa kazi niliyoifanya na nusu ya damu," alisema. "Sasa mtaifanya bila mimi." Aproni ilianza kutoa moshi. Hakungoja kuona nani ataikimbilia.

Mwezi uliofuata alipata kazi katika ghala la kugawia nguo za hospitali, la wasimamizi wengine na watu wasiomjua. Hakuwaeleza chochote kuhusu moyo wake, na wao wakamwita kwa jina la binti yake mkubwa, kama watu wanavyoitana.

Kwa mama mkwe alikwenda mara moja, siku ya harusi ya shemeji yake mdogo. Alimkuta amekaa katikati ya wanawake, anapewa pongezi. Alikuwa akiwasimulia jinsi alivyoona tangu zamani kwamba mkamwana wake haumwi bure, jinsi alivyomchukua mwenyewe hadi kliniki, akamwambia daktari mpime na huyu. Wanawake walitikisa vichwa kwa heshima. Mama Stuli alisimama pale na sahani yake, akasikiliza mpaka mwisho. Mumewe alimshika kiwiko.

"Mama," alisema Mama Stuli, na wanawake wakageuka. "Ulimwambia daktari mimi ni mvivu, asihangaike na mimi. Maneno yako nimeyahifadhi kama yalivyo."

Mama mkwe alimtazama, macho makavu. "Na hukufa," alisema.

"Sikufa."

Walitazamana mpaka mtu mmoja akaleta maji ya kunawa. Tangu siku hiyo husalimiana kwa simu sikukuu zikifika, kila mmoja akisubiri mwenzake akate kwanza.

Mwaka ulipotimia alirudi kliniki. Alipanda ile njia ya kona tatu bila kusimama. Daktari alimpima, akasema upande wa kulia wa moyo umerudi karibu na ukubwa wake, presha ya mapafu imeshuka, kifaa kimefunikwa vizuri. Kisha akaongeza kwamba ametafuta mafaili ya zahanati zile na amepata matatu. Ameandika barua kwa wakuu wao kuhusu kusikiliza vifua vya watu. Hajui kama wataisoma.

"Na unajisikiaje?" aliuliza akiandika.

"Nina hasira," alisema Mama Stuli.

"Hiyo sina dawa yake."

"Sijaomba dawa yake."

Daktari aliinua macho kutoka kwenye karatasi, akamtazama, akaandika tarehe ya kurudi mwaka ujao. Mama Stuli alifunga vifungo vya blauzi, akachukua mkoba wake, akashuka kwa ngazi, maana ndiyo njia ya mkato, awahi kumchukua binti yake mdogo shuleni.